Lori Jipya la Ndama Limefungwa Lakiri, na Panya Wamo Ndani

Ndama, Karagwe, Agosti 1955

Hakujapambazuka vizuri, na Tumwine Rweyemamu anafunga magunia mawili ya kahawa kwenye baiskeli. Moja amelilaza kwenye paipu, jingine kwenye keria, na kamba anaikaza kwa goti. Kisha anashika usukani na kuanza kusukuma, maana baiskeli yenye mzigo wa namna hii haipandwi na mtu.

Njia ya kutoka kwake inapita mbele ya kibanda kikubwa cha nyasi. Ndani ya kibanda limesimama lori jekundu, jipya, la tani tano. Ni lori lake. Anapita bila kugeuza shingo.

"Nikiliangalia nitapiga mtu," anasema huku akihema. "Na wa kupigwa yuko Bukoba."

Ndiyo, msomaji, umesoma sawasawa. Mtu ana lori jipya uani kwake, na kila siku anasukuma kahawa ya watu kwa baiskeli hadi Nyakahanga, magunia mawili kwa safari, kwa ujira wa shilingi mbili. Lori lingebeba magunia hamsini kwa mara moja, na yeye angekuwa amekaa kwenye kiti.

Tumwine ana miaka thelathini na sita. Kumi na moja kati ya hiyo ameendesha malori ya wengine kati ya Bukoba na Karagwe, amelala chini ya malori hayo, ameyachimbua kwenye tope, na mwisho wa mwezi akahesabiwa mshahara na mtu ambaye hajawahi kupasukiwa na gurudumu. Kwao ni wafugaji, watu wa nyika za upande wa Kyerwa. Mama yake, Bibi Pulkeria, ni mjane. Mwanzoni mwa mwaka huu alikubali ng'ombe wake wauzwe ili mwanawe apate lori lake mwenyewe. Waliuzwa kumi na tisa. Wamebaki wanne.

Majirani nao waliahidi kwamba kahawa yao yote ya msimu huu atabeba Tumwine. Wameitunza ahadi hiyo mpaka leo, magunia yamejaa majumbani mwao. Lakini msimu unakwisha mwezi ujao, na kahawa haiwezi kukaa ikimsubiri mtu. Lori lisipotembea kabla ya hapo, mzigo utapewa mwingine, Tumwine atarudi kuomba kazi ya udereva, na ng'ombe wa mama yake watakuwa wamekwenda bure.

"Hilo ndilo linaloninyima chakula," anasema. "Mimi kuajiriwa nimezoea. Lakini mama nitamwambia nini?"

Lori lilinunuliwa Machi kwa wakala mmoja wa magari mjini Bukoba. Jina lake tunaliacha, ingawa mwandishi wa habari hii lilimjia ulimini mara nyingi akiwa Ndama. Siku ya kulichukua, Tumwine alipewa masharti. Lilaze chini ya paa. Usilianike juani. Usiwashe moto karibu nalo, kuna petroli. Akitimiza hayo, gari likiharibika ndani ya miezi sita, wakala atalitengeneza kwa gharama yake. Hiyo ndiyo dhamana.

Alitimiza. Paa la bati angelitoa wapi baada ya kumaliza ng'ombe? Akajenga la nyasi, zuri, nene, lisilovuja. Moto hakuwasha.

Naye Bibi Pulkeria akafanya la kwake. Huku nyumba yenye adabu hutandikwa nyasi laini sakafuni, na mgeni akija zinaongezwa mbichi juu ya zile za zamani. Basi kila Jumamosi mama huyu alibeba mzigo wa nyasi kichwani, akautandaza chini ya lori, kuanzia magurudumu ya mbele hadi ya nyuma.

"Mgeni amemeza ng'ombe wangu kumi na tisa," alimwambia mwandishi kwa Kinyambo, mwanawe akitafsiri. "Nimlaze kwenye udongo mtupu?"

Masika yakaja, barabara ikakatika, lori likapumzika karibu mwezi mzima. Nyumba zetu za nyasi moshi wa jikoni ndio unaozilinda, wadudu na panya hawaupendi. Hapa moshi ulikuwa marufuku kwa amri ya Bukoba. Juu kukavu, chini kitanda laini, na nyuma ya kibanda lipo shimo la kuivishia ndizi za pombe. Jamani, panya gani angekataa?

Barabara ilipokauka Tumwine aligusa swichi, kimya. Akapiga hendeli mpaka kiganja kikachubuka, kimya. Akafungua boneti. Juu ya injini kulikuwa na kiota kikubwa cha nyasi za mama yake. Vitambaa vinavyovika nyaya vilikuwa vimetafunwa, mpira wa rejeta nao umeng'atwa pembeni.

"Nilicheka," anasema. "Wallahi, nilicheka. Nilisema, kitu kidogo tu hiki, na dhamana ipo."

Akaomba nafasi kwenye lori la mtu, akaenda Bukoba, akarudi na karani wa wakala, Bwana Byabato, kijana nadhifu mwenye mkoba. Byabato alichungulia, akatikisa kichwa, akafunga boneti. Akatoa waya, akaupitisha kwenye komeo la boneti, na juu ya waya akabana kidonge cha risasi chenye muhuri. Hiyo ndiyo lakiri.

"Nikamwambia, ngoja, Bwana karani, panya bado wamo!" Tumwine anakumbuka. "Akasema kila kitu kibaki kilivyo mpaka meneja aamue. Nikikata waya ule dhamana imekufa, ya nyaya, ya injini, ya gia, yote."

Hiyo ilikuwa Juni, mwanzoni. Binadamu wakakatazwa kugusa injini. Panya hawakukatazwa.

Tangu siku hiyo nyumba hii imeishi ikisikiliza lori likiliwa. Tumwine aliweka mitego chini, akanasa kadhaa, lakini kiota kilikuwa juu, nyuma ya risasi ya meneja. Akaazima paka wa misheni. Paka akakaa juu ya boneti mchana kutwa, anawasikia chini ya miguu yake, anakwaruza bati kwa hasira hadi rangi ikatoka, hana pa kupenya. Siku ya tatu akaondoka zake mwenyewe.

Fundi Protase, aliyejifunza magari jeshini na sasa anaishi karibu na Nyakahanga, alikuwa akipita kila Jumapili baada ya misa. Alichuchumaa kando ya lori na kutega sikio.

"Leo wamehamia upande wa betri," alikuwa akisema. Halafu: "Tumwine, hii ni kazi ya siku mbili. Niruhusu."

Tumwine hakuruhusu. Aliogopa. Mtu aliyetoa kila alichonacho kwa ajili ya gari moja hathubutu kirahisi kuitupa dhamana yake. Akasubiri Juni, akasubiri Julai, akijipa moyo kwa kusukuma baiskeli. Mara mbili alituma watu Bukoba kuuliza, mara mbili akajibiwa kwamba meneja analifikiria.

Mwandishi alikuwapo, Jumatatu hii, meneja alipomaliza kufikiri.

Adhuhuri Byabato alishuka kwenye gari dogo la wakala, akapangusa vumbi viatuni, akampa Bibi Pulkeria shikamoo. "Marahaba," akajibu bibi, na hakumkaribisha kiti. Tumwine alikuwa amerudi kutoka Nyakahanga, shati limemgandia mgongoni.

Byabato akakata lakiri yake kwa koleo, akainua boneti. Aliruka nyuma kama aliyemwagiwa maji ya moto. Panya mkubwa alipita kwenye mkono wake wa shati na kuzama nyasini, na kiotani wakabaki watoto, wekundu, wengi. Nyaya zilikuwa shaba tupu. Mpira wa rejeta haukuwapo tena. Pamba ya kiti cha dereva ilikuwa imevutwa hadi kwenye injini kufanyiwa matandiko.

"Ehee," alisema Tumwine. "Sasa nipe maneno ya meneja."

Byabato akakohoa. Meneja anasema panya si kosa la kiwanda. Tena paa ni la nyasi, chini kuna nyasi, na nyuma kuna ndizi. Rangi ya boneti nayo, karani akaongeza lake, imekwaruzwa, na hilo limeonekana leo. Zaidi ya hayo, uharibifu mkubwa umetokea baada ya lakiri, gari likiwa mikononi mwa mwenyewe.

"Nani alinikataza kufungua?"

"Sisi, Bwana Tumwine."

"Nani aliwafungia panya ndani?"

Byabato alitazama viatu vyake. "Mimi natumwa tu, kaka. Meneja hajakataa moja kwa moja. Anaandika Ulaya kwa waliolitengeneza. Mpaka jibu lije, nimeagizwa nifunge tena."

"Jibu litachukua muda gani?"

"Miezi miwili. Labda mitatu."

"Na dhamana inaisha lini?"

"Mwezi ujao," alisema Byabato kwa sauti ndogo, na wakati huohuo mkono wake ulikuwa tayari mkobani, unatafuta waya.

Mwandishi huyu amefundishwa kuandika bila kujiingiza. Leo hawezi. Ni upumbavu gani huu? Mtu anaambiwa asiguse, halafu anashitakiwa kwa kutogusa! Anaambiwa ajenge paa, halafu paa linakuwa kosa lake! Kama meneja anafikiri watu wa Karagwe hawajui kuunganisha maneno mawili, aje Ndama ayaseme mwenyewe, asimtume kijana.

Bibi Pulkeria aliuliza yule ameshika nini. Mwanawe akamweleza. Bibi akasogea mpaka kwenye injini, akatazama kiota, akayatambua majani aliyoyakata kwa mikono yake. Kisha akasema, na Tumwine akatafsiri neno kwa neno:

"Mwambie ng'ombe wangu akipata kupe simfungi kamba nikangoja barua ya Ulaya. Namng'oa kupe."

Hapo ndipo Tumwine aliponyoosha mkono. Aliuchukua waya na kidonge cha risasi kutoka kwa Byabato, taratibu, akavirudisha mkobani mwake na kuufunga mkoba. Hakupiga kelele.

"Nenda navyo, Bwana karani. Boneti hii haifungwi tena na mtu asiyelala hapa."

"Basi dhamana imekufa," alisema Byabato. "Ujue hivyo. Injini ikipasuka kesho, usije."

"Nimejua. Safari njema."

Gari dogo lilipotokomea, Tumwine aliketi chini, kichwa mikononi. Alikuwa ameitupa dhamana ya gari lililomeza karibu mali yote ya mama yake, na hakuna fundi duniani anayeweza kumwahidi kwamba hakukosea.

Mama yake ndiye aliyeanza kazi. Alipiga magoti chini ya lori, akakokota nyasi zote nje, mpya na zilizooza, akazichoma mbali kule bondeni. Alikataa kusaidiwa. "Nilidhani ninaliheshimu," alisema, na machozi yalikuwa yakimtoka, pengine kwa moshi, pengine siyo.

Jioni Protase, aliyekuwa ameitwa, alifika na kisanduku cha vifaa. Nyaya za Bukoba Tumwine hawezi kuzinunua, kwa hiyo hizi zilizobaki fundi anazivika vipande vyembamba vya vazi la gome la mti, vilivyopakwa nta ya nyuki. Mpira wa rejeta ameutoa kwenye lori bovu la zamani.

"Litawaka," anasema Protase. "Taa siahidi. Atatembea mchana."

Mchana unamtosha Tumwine. Anataka lori litoke Alhamisi, na kabla ya mwezi kwisha awe amebeba gunia la mwisho la majirani zake. Faida ya kwanza ni ndama jike, wa kurudishwa zizini kwa mama.

Lakini kabla ya ndama huyo kuna safari moja ambayo haitamlipa senti. Alimweleza mwandishi habari yake akiwa amelala chali chini ya lori, anamshikia Protase taa ya kandili.

"Nikishusha kahawa Bukoba, nitaegesha mbele ya duka la wakala, boneti wazi, nyaya zangu za gome la mti zionekane. Kila anayekuja kununua gari nitamwita achungulie, nimsimulie dhamana ya humo ndani, kwa Kinyambo, kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Nitalala hapohapo. Wakichoka na mimi, wamtume Byabato anipige lakiri mdomoni."