Mfungo wa Mama

Kanisani kwetu, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mama yangu alijulikana kwa kufunga. Tangu tutoke Kivu ya Kusini, Kongo, alifunga kila Jumatano kumwombea kaka yangu, aliyebaki nyuma na ambaye hatukupata tena habari zake. Kwa hiyo alipoanza kuacha chakula Alhamisi pia, kisha Ijumaa, hakuna aliyeshangaa. Mchungaji alimsimamisha mbele ya watu, akasema mtazameni mama huyu, amekonda kwa ajili ya Mungu. Wakapiga makofi. Mama aliinamisha uso, kitenge kimeziba mdomo.

Mimi nilichukia. Nilishinda sokoni nikiuza sambaza, vile visamaki vidogo vikavu, narudi nasonga bugali, naweka sahani moja katikati kama tulivyozoea kwetu, halafu yeye anabeba kigoda chake na kikombe cha uji kwenda nyuma ya nyumba. Nilimwambia Mungu hakumtuma ajiue. Siku hizo alikuwa akiongea kidogo tu, maneno yanatoka mazito, na ukimsogelea unasikia harufu mbaya. Nikajiambia ni tumbo tupu, maana mdomo wa mtu aliyefunga hunuka, nani asiyejua?

Kisha shavu likavimba. Kwenye kituo cha afya cha kambini walimng'oa jino la nyuma, wakampa dawa ya kusukutua. Pengo halikupona. Ndipo wakatutuma hospitali ya Mbarara.

Daktari wa meno aliyetupokea alikuwa Munyankore, mwenyeji wa huko, aliyekulia jirani na kambi ya jeshi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa cha kiaskari, hakina mapambo. Alimwomba mama apanue mdomo. Ulifunguka kidogo mno. Akaushika ulimi kwa kitambaa, akauvuta pembeni taratibu, akamulika. Nilichungulia. Ubavuni mwa ulimi, kwa nyuma, kulikuwa na kidonda kipana chenye kingo ngumu. Akapapasa chini ya taya, akashuka shingoni, kila penye uvimbe akisimama. Aliniuliza ni tangu lini mama hali chakula kigumu. Nikasema anafunga, ni mtu wa maombi.

"Mama hapana funga," akasema. "Mama anashindwa kula."

Nilimgeukia mama, nikitegemea akatae. Alikuwa analia.

Alikatwa kipande cha kile kidonda kikapimwe, tukakaa kwenye benchi la nje. Nikamuuliza kwa nini alituficha. Alishusha kitenge mdomoni, akasema kwa shida.

"Mwanzo nilifunga kweli. Kisha kidonda ikakuja, nikaona haya kusema. Huku kambini miye ni mutu wa kusimama mu mustari tu. Ku kanisa ndiyo fasi moja banaonaka miye ni mutu."

Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumpakata. Nilikwenda kununua maziwa, akayanywa tone kwa tone kwa pembe ya mdomo.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani, na ilishafika shingoni. Daktari hakuzunguka. Alisema kidonda kingeletwa kikiwa kidogo, angekikata na mama angebaki na ulimi wa kumtosha. Sasa hata mionzi ya Kampala ingepunguza maumivu tu. Nilikumbuka yale makofi, nikamchukia kila mtu aliyepiga.

Mama alilazwa, wakampitisha mpira wa chakula puani. Habari zilipofika Nakivale, mchungaji alinipigia simu. Alisema kwa upole kwamba kanisa zima limetangaza mfungo kwa ajili ya mama, hata watoto. Nilimwekea mama simu sikioni asikie mwenyewe. Alisikiliza, kisha akanirudishia, kwa kuwa wakati huo ni mimi peke yangu niliyeelewa anachosema.

"Ubaambie bakule," akasema. "Batoto kwanza. Mutu asifunge juu yangu."

Nilimfikishia mchungaji neno kwa neno. Naye akasema, kwa heshima kabisa, kwamba huo ndio unyenyekevu wa mama yetu, na kwamba sasa wataongeza siku za mfungo.

Nilikata simu. Mama alikuwa ananitazama, anataka kujua wamejibu nini. Nikamwambia wameshaanza kusonga bugali.