Niliwaita Wapiga Dufu Wamtibu Mjukuu Wangu

Nyie, mmeshawahi kuona mtoto wa miezi minne anayelizwa na hodi?

Mimi ninaye. Mjukuu wangu, Chande.

Mgeni akipiga hodi tu, anajikunja kama kaungua. Ukimwogesha, yowe. Ukimfunika kanga mpya, yowe. Akipewa titi, anaguguna kidogo anaachia. Kilo zikaanza kushuka.

Na nyumba yangu hapa Ujiji haikauki watu. Kila aliyekuja alikuja na dawa yake, mtoto akazungushwa mapajani kama sahani ya tambi.

"Kakaliwa na shetani huyu," akasema mmoja.

"Ni jicho," nikadakia, nikimkazia macho jirani yangu Mwanakombo. "Kuna watu wakisifia mtoto, mtoto ananyauka."

Mwanakombo akaweka kikombe chini, akaondoka. Sikumwita.

Mkwe wangu Shadia, mama wa mtoto, akamchukua mwanawe mapajani mwa watu. Kesho yake akampeleka Chande mjini Kigoma kwa Regina, mtaalamu wa watoto. Na mimi nikaenda. Nikose umbea wa ukoo wangu mwenyewe?

Regina akasema mtoto hana shetani. Masikio na ngozi yake vinapokea mambo kwa ukali, sauti ndogo kwake ni radi.

"Tutamsaidia kwa muziki," akasema. "Lakini taratibu, bibi..."

Mimi niliposikia muziki, hayo mengine yakapita.

Jumamosi nikajaza wapiga dufu kumi na wawili sebuleni. Pilau, udi, vigelegele. Kama dawa ni muziki, kwa nini nimpunje mjukuu?

Dufu la kwanza tu, Chande alilia mpaka sauti ikakata. Siku mbili akawa ananyonya kwa kubembelezwa.

"Mama, nakuheshimu," Shadia akaniambia, machozi yanamlenga. "Lakini wiki hii mwanangu asiponyonya, namhamishia kwa mama yangu Buzebazeba."

Mjukuu wangu alelewe Buzebazeba?

Regina akaja nyumbani. Akatutoa wote sebuleni, akakaa mkekani na Shadia. Akavumisha wimbo mdomo umefungwa, chini kabisa, uleule tu, kidole kikigonga paja polepole.

Mimi nachungulia kwenye pazia. "Hii ndiyo tiba? Mbona hata mie naguna nikiosha vyombo!"

Chande akalegea. Akashika titi, akanyonya kweli.

"Sasa waingie mmojammoja," Regina akasema. "Tujue kinachomshtua."

Baba yake akaingia, akasalimia. Mtoto ananyonya.

Akaingia Mwanakombo, Shadia alikuwa kamwita. "Hujambo, mwanangu?" Chande akamtazama, akaendelea zake.

Zamu yangu. Nikaingia kifua mbele.

"Mume wanguuu!"

Titi likaachiwa. Yowe!

Nikatoka. Kimya. Nikarudi: "Mume wa..." Yowe!

Mwanakombo akajifunika mdomo na mtandio, mabega yanatikisika.

"Bibi," Regina akasema, "tiba itaanza na wewe."

Wiki tatu nimekaa kwenye ule mkeka, mimi, mdomo umefungwa, navumisha wimbo mmoja. Wageni nawapokelea uani. Mwanakombo nimemwomba radhi mbele ya walewale walionisikia.

Kliniki ya juzi mizani imepanda. Hakuna anayehamia Buzebazeba.

Somo langu ni hili. Kabla hujamtafuta mchawi wa mtoto, nyamaza dakika kumi.

Mimi nilinyamaza, uchawi ukaisha.