Kilichokuwa chini ya kadi yangu ya harusi

Leo nimesoma tangazo la kifo changu, na mimi ni mzima wa afya.

Kadi ya harusi yangu aliiandika ami, ndugu wa baba, kwenye kompyuta ya duka lake, hapa Magongo. Asubuhi tukataka kuchapa nyingine, programu ikakataa kufungua faili. Nikaandika skripti fupi ya Perl, lugha ya kompyuta, iipekue faili na kunitolea maneno tu.

Kadi ikatoka nzima.

Chini yake yakafuata maneno aliyoyafuta ami, kumbe programu haikuyatupa:

"Twasikitika kutangaza kifo cha kijana wetu Swaleh. Maziko ni Jomvu Kuu, baada ya Alasiri."

Swaleh ni mimi.

"Ami, tanzia yangu hii ni nini?"

Hata hakugeuka. "Ile malaria yako ya mwaka jana. Daktari alishakata tamaa, nikaona niandike mapema, kabla sijaanza kulia."

"Na kadi ya harusi ukaiandika humo humo?"

"Majina ya jamaa ni yale yale, mwanangu. Nianze upya ya nini?"

Basi nyinyi mliokwisha kupata kadi, hao wanaowakaribisha Jumamosi ndio waliokuwa wafiwa wangu.

Bado mnakuja?