Kikapu Kilichopika Maharagwe

Miaka ya themanini ilipoanza nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Isiolo. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la Moyale, na mara nyingi nyumbani tulibaki wawili, mimi na mama yake. Nikishaondoka asubuhi, chakula cha mchana kilikuwa juu yake. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mabati kisicho na dirisha. Kila nikirudi saa saba nilimkuta anakohoa, macho mekundu, kuni zinafuka.

"Kuni za siku hizi ni mbichi," alikuwa akisema.

Zilikuwa mbichi kweli. Nikiwa msichana, tuliokota kuni kavu nyuma tu ya nyumba za mwisho za mji. Sasa akina mama waliotuuzia walitembea nusu siku, na wakikosa kavu walikata migunga iliyo hai.

Basi nilipokwenda semina ya walimu huko Meru, mwalimu mmoja wa sayansi kimu akachemsha maharagwe kwa muda mfupi, akaitia sufuria ndani ya kikapu kilichoshindiliwa nyasi kavu, akafunika kwa mto, akaendelea kufundisha. Mchana tulikula maharagwe hayo, laini kabisa. Nilirudi na basi nikiwa nimepakata kiondo kikubwa, na nilijua nitakachofanya.

Mama mkwe alinitazama nikishona gunia la kutandika ndani ya kiondo na kulijaza nyasi.

"Binti, moto wenyewe uko wapi?"

"Ni ule ule wa asubuhi, mama. Tunauzuia usitoroke."

"Moto si mbuzi, ukafungiwa zizini."

Siku ya kwanza nilirudi nikakuta maharagwe magumu kama changarawe, na vuguvugu. Wala hakunificha. "Nimefunua mara nne," alisema. "Nilitaka kuona kama yanapikika."

Niliudhika kidogo, lakini sikukata tamaa, maana nilikuwa nimeona kwa macho yangu. "Kila ukifunua, mama, unaufungulia moto mlango."

Kesho yake aliniamuru niwahi shule, akachemsha maharagwe mwenyewe, akayaweka kikapuni na kutandika mkeka kando yake. Jirani yetu Mturkana alinisimulia baadaye kwamba alipita kuomba chumvi, akanyoosha mkono kwenye ule mto, akafokewa: "Usiguse! Hata mimi sijafunua!"

Niliporudi alikuwa bado yuko pale na tasbihi yake. Alitaka nifunue mimi. Mvuke ulitupiga usoni. Akachukua harage moja, akalibonyeza kwa vidole viwili, likapondeka. Alikula sahani nzima, kisha akafuta mdomo.

"Leo nimekaa uani tangu asubuhi kama mgeni," akasema. "Sijalia moshi."

Nilimwona macho yake. Yalikuwa meupe. Furaha niliyoipata siku ile sikuwahi kuipata kwa mtihani wowote niliopasi.

Mzigo wa kuni uliokuwa ukiisha kwa siku mbili ukaanza kufika siku tano. Kikohozi hakikuisha, ila kilipungua, na usiku tulilala. Akina mama wa mtaani walianza kuja kuuliza. Mimi sikuwa na nafasi, kwa hiyo yeye ndiye aliyewafundisha, kwa Kiborana na kwa Kiswahili chake cha kukatakata, tena alikuwa mkali kuliko mwalimu yeyote pale shuleni kwetu. Jirani Mturkana alikosa nyasi, akajaza blanketi kuukuu. Mama mkwe alilikagua, akashindilia pembeni kwa ngumi, akakubali.

Mvua zilipokatika alipanda lori kwenda Sericho kumwona dada yake, na kiondo chetu amekikumbatia. Alirudi baada ya wiki mbili mikono mitupu.

"Kiko wapi, mama?"

"Kinapika," akasema. "Nenda sokoni ututafutie kingine. Kikubwa zaidi."