Mijusi Wangu kwenye Hina ya Rahma

Jambo hili nimelificha kwa muda, lakini wale wanawake waliokuwemo siku ile najua wanalisimulia kila wakikutana arusini, kwa hivyo afadhali mulisikie kwangu mwenye aibu yangu kabla halijatiwa chumvi na pilipili (ingawa wallahi halihitaji hata chembe). Mimi ni mpakaji hina, naishi Bombolulu, na siku hiyo nilikwenda kumpaka bi arusi wa watu nikiwa na mijusi kafiri wawili ndani ya kapu la kazi. Naam, mijusi. Tena kwa hiari yangu, hakunilazimisha mtu.

Ilianza nilipolivuta kabati nifagie nyuma yake, nikaona vijiyai viwili vyeupe, vya mviringo, vigumu kama punje za mbaazi. Mtu aliyelelewa kama nilivyolelewa mimi angevikanyaga palepale, maana kwetu tangu utotoni tuliambiwa mjusi kafiri ndiye aliyeupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahim, na marehemu mama alikuwa akimpiga kwa ndara bila hata kukatiza mazungumzo. Lakini mimi wakati ule nilikuwa nimeachika si zamani, niko peke yangu chumbani, na kimya kile kilikuwa kimeanza kunizoea. Nikakiinua kimoja kwenye mwanga wa dirisha, nikaona ndani yake kivuli kinajigeuza. Basi! Nikashindwa. Nikavitia kwenye mkebe wa plastiki wa aiskrimu, nikavitandikia pamba, kifuniko nikakitoboa matundu, na siku walipoanguliwa nilikaa sakafuni nikiwatazama kama mtu aliyeletewa mgeni kutoka Maka.

Walikuwa wadogo, kila mmoja kama kijiti cha kiberiti, ngozi nyepesi unaona hadi tumbo, macho meusi makubwa ya kukulaumu. Mwanzoni walikataa kula nikalia, kumbe walikuwa wamekula ngozi zao wenyewe walizojivua, wameshiba zao. Baadaye nikajifunza kuwawekea ganda la ndizi mbivu ili vijidudu vidogo vivutike vije, nao wavile, na kunyunyiza maji ubavuni mwa mkebe, maana mjusi hupenda kuramba tone kuliko kunywa kistaarabu (kizibo cha soda nilichowatilia maji hawakukigusa, lakini sikukitoa, nilikiona kinapendeza).

Aliyejua siri hii ni mmoja tu, jirani yangu Nekesa, mtu wa bara, mwenye saluni ya nywele iliyopakana na chumba changu. Sasa siku ya hina ya Rahma, huko Mishomoroni, ndiyo siku aliyoamua mwenye nyumba wangu kupiga dawa ya kunguni vyumba vyote. Nekesa akaniambia, "Niachie hao watoto wako hapa saluni, nitawaangalia." Nikaitazama saluni, harufu ya dawa za nywele, ile mashine ya moto inanguruma, nikasema la, watakufa hawa, wacha niende nao, ni kazi ya mchana mmoja tu, watakaa kapuni watulie.

Hapo ndipo nilipokosea.

Nilifika nikakuta ukumbi umejaa wanawake, mikeka imetandikwa, kaimati na sharubati zinapita, na Rahma ameketi juu ya godoro lenye shuka jeupe, kimya, macho yamevimba kwa kulia. Shangazi yake, Bi Zuhura, mwanamke wa mwili na sauti, ndiye aliyekuwa amiri wa shughuli. Alinipokea vizuri, lakini aliposikia natoka wapi akasita.

"Bombolulu? Basi wamjua yule mtalaka wa bwana arusi? Ndiko akaako."

"Namjua kwa sura tu, Bi Zuhura," nikasema, na hiyo ndiyo iliyokuwa kweli.

Akaguna. Sikulitia maanani guno lile, nikaanza kazi. Nikamaliza miguu, nikamaliza mkono wa kushoto, maua yameshuka mpaka kiwiko, wanawake wanasifu, nami kichwa kimevimba kidogo (acheni niseme kweli). Niko katikati ya kiganja cha kulia pamba ya kufutia ikaniishia mkononi. Bila kuinua macho nikasema, "Tafadhali, nani atanipa pamba kapuni?"

Pamba, jamani! Nani mwingine ila Bi Zuhura akajiinamia, akauona mkebe, na kwa zile tundu za kifuniko akaona pamba ndani. Akaufungua.

Sikuwaona wakiruka. Nilichosikia ni ukelele, nikageuka nikamwona Bi Zuhura anakung'uta mkono kama aliyeshika kaa la moto, na mjusi mmoja anampanda mkononi akaingia ndani ya mkono wa dera. Bi Zuhura akaushika mkia uliobaki nje, akauvuta, na puu, mkia ukadondoka mkekani peke yake, unajinyonganyonga kama una roho yake. Hapo ukumbi mzima ukasimama. Sinia la kaimati likapinduka, bakuli la hina likamwagikia shuka jeupe, na yule mjusi wa pili akakatiza godoro mbio, akapita juu ya kiganja cha Rahma chenye hina mbichi, akaacha nyayo zake safi kabisa, vidole vitano vitano, halafu akatokomea nyuma ya pazia. Rahma maskini mikono ameinyoosha juu, hawezi kujishika wala kukimbia.

Nami badala ya kusema kweli nikafungua kinywa nikasema, "Si kitu, si kitu, ni mijusi wa ukutani tu hao."

Bi Zuhura akauinua ule mkebe, akautazama ndani, akauzungusha ili kila mtu aone. Pamba yenye unyevu. Ganda la ndizi. Kizibo cha maji.

"Mjusi wa ukutani," akasema polepole, "ana godoro na maji ya kunywa?"

Nikainama kuliokota bakuli la hina.

"Nani amekutuma?" akauliza.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Na mama mmoja kule nyuma akasema kwa sauti ya chini, ile ya chini ambayo nyumba nzima inaisikia, kwamba mtalaka hawezi kumwacha mume aende hivihivi. Mtu akaenda akafunga mlango. Jamani, nimewahi kuogopa, lakini si vile. Mji wetu huu mkubwa ukiutazama, lakini neno uchawi likitoka ndani ya nyumba moja Mishomoroni asubuhi, adhuhuri limefika Kisauni kote, na nani tena atanipa mkono wa bintiye niupake? Nikaanza kulia. Nikasimulia mayai, kabati, kunguni, nikaapa, na kila nikiapa naona nyuso zinazidi kukunjamana, maana hata masikioni mwangu mwenyewe maneno yale yalisikika kama uongo wa mtu asiyejua kudanganya.

"Muulizeni jirani yangu," nikasema mwishowe. "Yeye awajua."

"Mpigie," akasema Bi Zuhura. "Utie sauti kubwa sote tusikie. Na usimwambie kuwa tuko hapa. Muulize tu habari ya mijusi."

Nikapiga, simu imejaa hina.

"Nekesa, shoga yangu... nimepiga kwa sababu ya wale... wale mijusi."

"Aki wewe!" Nekesa akalipuka kwa sauti yake ile ya kushindana na mashine za nywele. "Hao watoto wako wamefanya nini tena? Ama mmoja amekataa kula, unataka nikuje tuwaombee?"

Nikasikia mtu anabana kicheko.

"Mimi si nilikuambia uwaache hapa, ukakataa, ati dawa ya nywele itawaumiza kifua. Kifua! Kwani mjusi ako na kifua? Na yule umemuita jina la bwanako wa zamani, bado anatoroka kila saa?"

"Nekesa, basi..."

"Ngoja nimalize! Juzi nimekusikia kwa ukuta ukiwaimbia. Watu wanaimbia watoto, wewe unaimbia mijusi! Mimi nikasema huyu mwanamke upweke utammaliza, wacha nimtafutie mtu. Kuna fundi mmoja mzuri hapa Frere Town, Mwislamu kama wewe, nimemwambia ukweli yote, hata hiyo maneno ya mijusi, na bado hajakimbia!"

Nikafumba macho. Laiti sakafu ingefunguka ningeingia na kapu langu.

Wa kwanza kucheka alikuwa Rahma. Alicheka na mikono yake juu, machozi yakimtiririka, akashindwa kuyafuta kwa sababu ya hina, na kicheko chake kikawaambukiza walio karibu, kisha ukumbi wote, mpaka Nekesa kwenye simu akauliza, "Nani hao? Uko wapi wewe?" Bi Zuhura peke yake alijikaza, midomo ameibana, lakini mabega yakaanza kumtikisika, na yalipotikisika yule mjusi asiye na mkia akachungulia kwenye mkono wa dera lake. Bi Zuhura akaganda. Akamtazama, mjusi naye akamtazama.

"Ndoo," akaniita nisogee, kwa sauti nyembamba ambayo sikujua kuwa anayo. "Ndoo umtoe mwanao."

Nikamtoa. Mlango ukafunguliwa, shuka likabadilishwa, nami nikaoga aibu yangu huku nikifuta kiganja cha Rahma na kukianza upya. Nyayo za yule wa pili zilikuwa zimeshashika rangi kidogo, nikazifunika kwa jani kubwa. Rahma akaninong'oneza kwamba hajacheka tangu posa yake ilipokubaliwa, akataka tena kujua huyo fundi wa Frere Town ni nani. Mjusi mwenyewe hakuonekana. Mama yake Rahma alisema akipatikana nitapigiwa simu, na sikujua kama ananitania.

Nilipoondoka Bi Zuhura alinisindikiza mpaka langoni. Akanishika mkono, akasema, "Nisamehe, mwanangu, nilikudhania vibaya. Lakini ungalikuwa mchawi kweli, na jirani kama yule, ungalishajulikana zamani."

Nilitembea mpaka barabarani, nikaketi kwenye kizingiti cha duka lililofungwa, nikacheka peke yangu mpaka wapita njia wakanitazama. Uongo wangu ulikuwa mmoja tu, tena mdogo, "ni wa ukutani tu hao," na ndio uliotaka kunizika, ilhali ile kweli ya kunidhalilisha ndiyo iliyonifungulia mlango. Tangu siku ile nimejiapiza: nikiulizwa jambo, hata liwe la kuchekesha namna gani, nitalisema lilivyo papo hapo, nichekwe mara moja yaishe. Na kapuni mwa kazi, hina, koni za kuchorea na pamba, basi.