Kahawa Niliyoipeleka Nkwenda

Ulikuwa mwaka ule mnyauko ulipoingia migombani, tukala ugali hadi kwenye harusi. Ndipo mjukuu wangu Kemilembe akaitwa Nkwenda, wilayani Kyerwa, kwenye mafunzo ya vijana ambao watu wameanza kuwasikiliza. Wanafundishwa usalama wa mipakani, na namna nchi zetu za Afrika Mashariki zitakavyoungana ziwe na serikali moja. Kila kijana aje na mzee wa kwao amhoji mbele ya wenzake. Atakayefanya vizuri atapelekwa kwenye mkutano mkubwa wa nchi zote. Basi nikafunga kahawa ya kutafuna kwenye jani la mgomba, maana kwetu mgeni akishatafuna kahawa yako ni mtu wa nyumbani.

Kutoka Rugera tulipanda bodaboda mpaka Omurushaka. Mwenye duka mmoja alipoona kitenge changu kipya akaita, "Shikamoo Bibi! Unaolewa?"

"Marahaba. Nampeleka mke mwenzangu akaungane na Uganda!"

Kemilembe akaficha uso.

Ndani ya basi alisema peke yake njia nzima, midomo inacheza kama anasali. Namjua tangu anatambaa: akiogopa, anang'ata ncha ya mtandio.

Nkwenda tulipokelewa na mwalimu mrefu, mtu wa Uganda. Nikapitisha kahawa yangu ukumbi mzima, naye akatafuna. Kisha Kemilembe akasimama, akaigiza ofisa wa mpakani, akaniuliza kama alivyofundishwa: "Bibi, umewahi kumficha mtu wa ng'ambo asiye na karatasi? Mtaje."

Nimewahi. Miaka ya nyuma, wageni walipokuwa wanarudishwa makwao kwa nguvu, mama mmoja alilala nyuma ya magunia yangu ya maharage mpaka mambo yakapoa. Leo wajukuu zake wanachota maji kisima kimoja na sisi.

"Aliyetafuna kahawa kwangu simtaji."

"Bibi, ni igizo tu!"

"Igizo lina masikio."

Wakacheka. Mtandio ukaingia mdomoni. Nikaona mkutano mkubwa unamponyoka mtoto wangu, na anayempokonya ni mimi.

Mwalimu akasogea. "Bibi, nami nimetafuna yako. Siku nikitafutwa?"

"Wewe hata jina sijakuuliza."

Kemilembe akautema mtandio, akawageukia wenzake. "Nimeanza na swali baya. Mgeni anayeogopa kutajwa hatatuambia nani kapita na bunduki. Tukitaka kuungana, kwanza tusiogopane."

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ndiye waliyemchagua. Nilipiga vigelegele mpaka mwalimu akaziba masikio.

Wakati wa kurudi niliwaza. Mambo ya kuungana nimeyajua miaka yote, kwa kupeana kahawa mlangoni. Kuyasema mbele ya watu mpaka wakapiga makofi, hilo nimejifunza kwa Kemilembe.

Tulipokaribia Omurushaka akaniegemea. "Sasa tuko wawili tu, mke mwenzangu. Alikuwa nani?"

Nikamwekea kiganjani kahawa iliyobaki.

"Aliyetafuna kahawa kwangu simtaji."