Chuma Kilichonona

Nilipotimiza miaka hamsini na mbili niligundua kwamba mikono yangu imekuwa mifupi. Kitabu nilikisogeza mbali hadi kiwiko kikanyooka, na hotelini nilimwachia mwenzangu asome orodha ya vyakula, nikijifanya ni adabu. Bastola nayo haiendi mbali kuliko mkono unapoishia.

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nakwenda kulenga shabaha kwenye klabu ndogo kusini mwa Johannesburg, nyuma ya kilima cha mchanga wa mgodi wa zamani. Wanachama wengi wana silaha zao. Sisi wengine tunatumia bastola ya klabu, ya risasi zile ndogo kuliko zote, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutoboa karatasi. Haitoki getini. Juu yake kuna vilengeo viwili: mbele kibamba chembamba cha chuma kimesimama wima, nyuma kipande chenye pengo. Unakiweka kibamba katikati ya pengo, mwanga ukiwa sawasawa kulia na kushoto, ndipo unavuta. Mimi kibamba nilikuwa nakiona kama moshi wa sigara.

Aliyekuwa akitumia bastola ile pamoja nami ni fundi wangu wa nguo, mama wa Kikongo kutoka Bukavu mwenye duka la ushonaji la cherehani mbili mtaani Troyeville. Nilimpeleka mwenyewe. Nilikuwa nikimtambia kuhusu mchezo wangu huku akinipima kiuno, akasema, "Kaka, paka kutoboa karatasi tu? Na mimi natoboa kitambaa kila siku." Nikamwalika kwa ukarimu wa mtu anayetarajia kusifiwa. Wiki ya tatu akanishinda. Akaendelea kunishinda miezi saba, akiwa amevaa kitenge, bila hata kukunja uso.

Kitu kimoja nilimfundisha, nacho nilikirudia kwa sauti ya darasani, maana ndiyo kazi inayonilisha: "Bastola haikosei. Ukikosa, tafuta kosa kwako." Alilipenda neno hilo. Alisema hata fundi anayelaumu cherehani haendi mbali.

Badala ya kununua miwani, nikamwomba msimamizi wa klabu ruhusa ya kubadilisha vilengeo. Ni mzee Kaburu mwenye subira. Akanipa kibamba kipya kutoka kwenye kopo la vipuri, kinene karibu mara mbili ya kile cha zamani, na tupa ndogo ya kupanulia pengo la nyuma.

"Sharp," akasema, yaani sawa. "Lakini andika kwenye daftari la bastola. Mwenzako ajue."

Nikakaa kwenye meza ya mafundi saa nzima, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Nilipiga tupa, nikapuliza unga wa chuma, nikarudia. Nikafunga kibamba, nikarekebisha skrubu ya nyuma mpaka risasi zangu zikatua katikati. Lo! Kibamba kilisimama mbele yangu kama mlango. Nikarudisha bastola kwa msimamizi, nikaosha mikono, nikaenda nyumbani.

Sikuandika. Ningependa kusema nilisahau. Daftari lilikuwa mezani, kalamu juu yake. Lakini ukurasa uleule ulikuwa na alama za fundi wangu za wiki iliyopita, na kuandika chini yake kwamba mimi, mwalimu wake, sioni tena, kulinishinda. Nikasema nitamwambia kwa mdomo.

Jumamosi iliyofuata alipiga vibaya. Pengo pana humpa mwanga mwenye macho mabovu. Mwenye macho mazuri pengo hilo humpa nafasi ya kuyumba. Risasi zake zilitawanyika juu ya duara kama punje za mtama. Akaishusha bastola, akaitazama.

"Kaka, hii chuma ya mbele naiona imenona."

Hapo ndipo ningesema. Sekunde mbili zingetosha. Lakini karatasi yangu ilikuwa bado mkononi, na kwa mara ya kwanza katika miezi saba nilikuwa nimemshinda.

"Labda uchovu," nikasema.

"Labda," akajibu, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

Jumamosi ya pili aliuliza tena, kwa sauti ya chini zaidi. Nikamwambia apumzike. Jumamosi ya tatu hakuja.

Jumatano nikaenda Troyeville kuchukua suruali. Nilimkuta amekaa mlangoni, amefumba macho, sindano mkono mmoja na uzi mwingine. Aliulamba uzi, akalitafuta tundu kwa ncha ya kidole, akakosa. Akajaribu tena. Nilidhani anasali.

"Unafanya nini, dada?"

"Najifunza." Hakufumbua. "Mama yangu ilianza vile vile. Sindano ikanona, kisha mulango, kisha hakuona tena mutu. Nilienda hospitali, nikapanga mustari tangu asubuhi. Docteur anasema macho iko muzima. Na mama walimwambia vile vile."

Nyuma yake, mahali ambapo kitambaa cha gauni la harusi kilikuwa kimening'inia mwezi mzima kikisubiri kukatwa na kutiwa shanga, kulikuwa na msumari mtupu. Alinieleza kwamba amempa bibi harusi kitambaa chake akamtafute fundi mwingine mtaa wa Bertrams. Hawezi kumharibia mtu siku yake. Shanga ndiyo kazi aliyojulikana nayo, kuliko suruali zangu zote.

Nikachuchumaa mbele yake. "Dada, macho yako ni mazima. Kile chuma kimebadilishwa. Kinene kweli. Nimegundua leo."

Angalia ufundi wa msomi: chuma kimebadilishwa, bila mbadilishaji. Na hiyo "leo" ilitoka yenyewe, imepigwa pasi kabisa.

Akafumbua macho. Sindano ikaanguka. Alinishika mikono yote miwili, akalia, akacheka, akampigia simu dada yake Bukavu papo hapo. "Iko muzima! Merci Seigneur, iko muzima! Kuna kaka hapa, Mutanzania, yeye ndiye ametafuta mpaka akajua." Akanipa simu. Sauti ya mwanamke nisiyemjua ikanibariki mimi na watoto wangu.

Kisha akasema Jumapili atatoa ushuhuda kanisani, na mimi lazima niwepo. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mwislamu wa Tanga. "Basi utakaa nyuma," akasema.

Sikukaa nyuma. Kanisa lao ni ghala la zamani lenye viti vya plastiki, na mgeni huwekwa mbele. Fundi wangu alisimama, akasimulia vizuri, bila chumvi: hospitali, sindano, mama yake. Mkalimani, mama mmoja mwenye suti ya bluu, aligeuza kila sentensi kwa Kiingereza kwa ajili ya watoto waliozaliwa hapa. Watu wakapiga makofi, mchungaji akanipa kipaza sauti.

Nilikuwa nimeandaa maneno mawili ya shukrani.

"Chuma nilikibadilisha mimi," nikasema. "Nilijua tangu Jumamosi ya kwanza. Aliniuliza, nikanyamaza."

Mkalimani alinisogelea. "Baba," akaninong'oneza, na kipaza sauti chake kikasikika kote, "unasema ulijua?"

"Nilijua."

"Kutoka mwanzo?"

"Kutoka mwanzo."

Akageukia watu, akatafsiri. Nikaisikia aibu yangu mara ya pili, kwa Kiingereza kizuri kuliko changu. Halafu kanisa zima likapiga makofi, wengine wakisimama, maana kwao anayeungama hupigiwa makofi. Mchungaji akanikumbatia. Katika safu ya mbele mtu mmoja tu alikuwa ameweka mikono mapajani.

Baada ya ibada nilimkuta uani, anapakua chakula pamoja na kina mama wengine. Nikaanza, "Dada, naomba..."

"Macho umenirudishia," akasema, akiendelea kupakua. "Wiki tatu ile nililala nikihesabu vitu ambavyo sitaviona tena. Sura ya watoto. Rangi ya nyuzi. Hizo wiki utanirudishia na nini?"

Nikasema nitakwenda Bertrams kuongea na bibi harusi.

"Usiende. Gauni imeishakatwa kule."

Foleni nyuma yangu ilisubiri. Alichukua sahani, akaweka ugali wa muhogo, akaweka sombe, kisamvu cha kwao, juu, akaongeza samaki mkubwa kuliko wa wengine, kwa kuwa nilikuwa mgeni wake na watu walikuwa wanatazama. Akaninyooshea huku akiangalia pembeni. "Chukua, baba," akasema. Mpaka siku ile alikuwa akiniita kaka.

Nilikula yote, mpaka miiba.